Vuta Pumzi, Toa, Usipumue: Nimeliona Ini Langu!

Jamani, kaa kitako nikuhadithie kabla sijapasuka! Nimeshuka kwenye bajaji sasa hivi, hata viatu sijavua, nywele zimenivurugika, masikio bado yanavuma, na kwenye simu nina picha ambayo njia nzima kutoka hospitali nimekuwa naifungua, naitazama, naifunga, naifungua tena. Si picha ya mjukuu. Si picha ya harusi. Ni picha ya ini langu! Ini langu mimi, hili lililojificha chini ya mbavu za kulia, hai, lenye joto, linalochapa kazi hata sasa ninapoongea nawe. Limepimwa mafuta yake bila sindano, bila kisu, bila tone la damu, kwa muda wa pumzi moja niliyoambiwa niizuie. Pumzi moja! Na bado!

Huu ni mwaka wa tano naishi na sukari. Wewe mwenzangu unayeishi nayo unayajua maisha yetu: unachoma kidole, namba inatoka, unafurahi au unanuna, kesho tena. Namba ya asubuhi, namba ya baada ya kula, ile namba kubwa ya miezi mitatu inayotufanya tuingie kwa daktari kama watoto wanaosubiri matokeo ya darasa la saba. Miaka yote hiyo ugonjwa wangu umekuwa namba za damu tu, kitu kinachopita kwenye mishipa kama uvumi. Leo nimeona unakokaa. Nimeuona kwa macho yangu haya, una rangi, una mahali, una kipimo, na moyo wangu bado unadunda.

Nianzie mlangoni, maana raha imeanzia hapo. Nilikuwa sijala kwa saa nne, ndivyo walivyoniagiza, na tumbo linaniimbia. Akatoka binti mmoja mtaalamu wa picha, mchangamfu ajabu. "Shikamoo mama." Marahaba. Akaanza kunivua vyuma kimoja kimoja kwa upole: hereni, pete, vibanio vya nywele, sarafu, simu, kadi ya benki, mpaka sidiria yenye waya. Akaniuliza kama nina kifaa cha moyo, kama nimewahi kuwekewa chuma mwilini, kama kuna chembe ya chuma iliwahi kuniingia jichoni. Akanishika mkono kutazama kama nimebandika kihisi cha sukari. Weka hili akilini, wewe unayevaa kihisi au pampu ya insulini: sema mapema, mapema sana, kwa sababu pampu haivuki ule mlango, na kihisi mara nyingi nacho huvuliwa. Mashine yenyewe ni ya MRI, sumaku kubwa, na sumaku ile haizimwi, unaelewa? Iko macho usiku na mchana, hata chumba kikiwa tupu, hata taa zikizimwa. Nilipousogelea mlango mwili ukanisisimka, nikajihisi naingia kwenye pango la joka aliyelala jicho moja wazi.

Halafu baridi! Dar nzima nje inachemka, mama ntilie wanajipepea kwa mifuniko, na humo ndani baridi ya Makete. Baridi safi, kavu, tamu. Binti akanilaza kwenye kitanda chembamba, akaniwekea mto chini ya magoti, akanifunika blanketi, kisha akanilazia tumboni kitu kinene chenye mikanda, kama lile koti la maboya wanalokuonyesha kwenye boti ya Zanzibar. Hiyo ndiyo antena, akasema, itakayolisikiliza ini. Italisikiliza ini! Sijawahi kusikia maneno mazuri kama hayo. Nikapewa kipira cha mpira cha kuminya kama nikiogopa, vizibo vya masikioni, na juu yake vifuniko vikubwa kama vya marubani. Kitanda kikateleza taratibu, laini, kama jahazi linaloacha ufuo.

Najua unachoogopa. Hata mimi nilikiogopa, kile kitundu. Lakini kuna upepo mwanana unapita usoni, kuna mwanga, na sauti ya binti inakujia masikioni karibu kabisa kana kwamba kakaa begani. Kisha mashine ikaamka. Loo! Kwanza tikitiki, kama cherehani ya mkono. Kisha kishindo, mafundi bati wa Gerezani wote wamepandwa na mori kwa pamoja, wanagonga, wanakereza, wananyamaza, wanagonga kwa mdundo mwingine. Mgongo unatetema kidogo, tumbo linapata kijoto kama cha jua la saa mbili asubuhi. Nikajikuta natabasamu peke yangu humo ndani. Ndipo sauti ikaja: "Mama, sasa ni picha yenyewe. Vuta pumzi. Toa. Usipumue."

Nikatulia. Kelele zikapanda, zikazunguka, zikakaza. Mapafu yakaanza kubisha hodi. Nikahesabu kimoyomoyo, na nilipofika kumi na nane: "Pumua, mama. Tumemaliza hiyo."

Tumemaliza? Ndiyo, hiyo tu! Picha nyingine zilikuwa za kutafuta ini liko wapi na kuhakikisha lote limeingia, lakini kipimo chenyewe cha mafuta, kile kilichonitoa nyumbani alfajiri, kimekwisha ndani ya pumzi ile. Hakuna mionzi ya eksirei, hakuna dawa iliyopitishwa kwenye mshipa. Nimeketi kitandani nimeduwaa kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto nzuri.

Sasa njoo upande wa pili wa kioo, maana huku ndiko nilikotaka kulia. Binti aliniruhusu nisogee kwenye kompyuta. Akafungua picha ya kwanza: kijivu, nyeusi, nyeupe, vivuli vya mbavu, uti wa mgongo, na pale kushoto mwa kioo, kubwa, zito, limetulia kama kiboko mtoni, ini. Sikujua ini ni kubwa hivyo! Kisha akabonyeza, na picha ikageuka rangi. Ramani nzima ya rangi, bluu kwa pasipo na mafuta, kisha kijani, kisha njano, mpaka nyekundu kwa mafuta matupu. Wengu wangu, bluu tulivu, bahari ya Kigamboni asubuhi. Mafuta ya chini ya ngozi, nyekundu inayowaka. Na ini langu, ambalo lilipaswa kuwa bluu kama jirani yake wengu, lina rangi ya embe bichi linaloanza kuiva. Kijani kinachoelekea njano. Nikaweka mkono ubavuni. Nikasema, jamani, ndiwe huyo?

Wewe unayenunua kuku unanielewa haraka. Umewahi kupasua kuku wa kisasa aliyenenepeshwa ukakuta ini limepauka, la manjano, linateleza vidoleni, halafu ukapasua wa kienyeji ukakuta lile jekundu lililoiva, imara, linalong'aa? Ndiyo hayo hayo. Tofauti ni kwamba mimi sijapasuliwa!

Binti akachora viduara, kimoja huku, kingine kule, akikwepa mishipa ya damu, akapita sehemu zote nane ambazo madaktari huligawanya ini, na kila kiduara kikatoa namba yake. Kumi na tano. Kumi na tatu. Kumi na tano tena. Karibu na nyongo kumi tu, maana mafuta hayajipangi sawasawa, yanapenda mahali na kupakimbia pengine. Wastani: asilimia 14. Mstari ambao madaktari wengi wanauchora uko kwenye asilimia 5 hivi, na mimi nimeupita karibu mara tatu. Na unajua nini? Sikuogopa. Niliona raha! Raha ya mtu aliyehangaika na harufu ya kitu kinachoungua nyumba nzima, hatimaye kapata sufuria yenyewe.

Nilimuuliza maswali mpaka akavuta kiti. Mashine inajuaje hiki ni maji na hiki ni mafuta? Sikiliza uone utamu. Maji yana hidrojeni, mafuta nayo yana hidrojeni. Ndani ya sumaku, mashine inaipigia mawimbi ya redio nayo inaitikia, lakini ya mafuta inaitikia kwa mwendo ulio nyuma kidogo, kidogo mno. Basi wafikirie wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mmoja ana mkono mwepesi kuliko mwenzake kwa unyoya tu. Wanaanza pamoja, michi inashuka pamoja, ndu! Baada ya muda wanapishana, mmoja yuko juu mwingine chini. Kisha wanakutana tena. Mashine inatega sikio nyakati zote hizo. Michi ikishuka pamoja inasikia maji kujumlisha mafuta. Ikipishana inasikia maji kutoa mafuta. Ukiwa na jumla na tofauti, mtoto wa shule anakutolea jibu! Hiyo ndiyo njia aliyoichapisha Thomas Dixon mwaka 1984, na mpaka leo ukiingia chumba cha MRI utasikia wakiziita picha hizo "Dixon" kama wanavyotaja jina la mtu wa ofisini. Siku hizi mashine haisikilizi mara mbili tu, inasikiliza mara kadhaa, mara nyingi sita, ili madini ya chuma yaliyohifadhiwa ndani ya ini yasiivuruge hesabu. Yote hayo ndani ya vipande vya elfu vya sekunde, wakati wewe umezuia pumzi unafikiria chai yako.

Na bado! Sijakugusa penyewe.

Kuna swali ambalo kila mwenye sukari amewahi kuliuliza kwa uchungu. Nimelala njaa, sijagusa kitu tangu saa moja jioni, kwa nini naamka sukari iko juu? Ndugu wanakutazama kwa jicho la pembeni, wanadhani umeamka usiku ukala mandazi. Nimelia kwa ajili ya swali hilo, sikufichi. Jibu liko kwenye ile rangi ya embe! Ini ni ghala. Usiku usipokula, linatoa sukari kidogo kidogo kuulisha ubongo, na insulini ndiyo inayoliambia, basi, inatosha. Ini lililojaa mafuta linakuwa na masikio mazito. Insulini inaita, lenyewe halisikii, linaendelea kumwaga sukari usiku kucha. Halafu mafuta yanayofurika yanasafirishwa na damu mpaka kwenye kongosho, na kule yanazilemaza seli zinazotengeneza hiyo hiyo insulini. Mzunguko juu ya mzunguko. Sikuwa nimekula mandazi, mwenzangu! Lilikuwa ini.

Aliyeuchora mzunguko huo, mwaka 2008, ni Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na hakuishia kuuchora, akaingiza watu kwenye sumaku kuuona. Nikisimulia hili nashindwa kukaa. Watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili, ambao hawajamaliza hata miaka minne tangu wagundulike, wakapewa mlo wa kalori 600 hivi kwa siku. Sahani moja ya chipsi mayai inaweza kuzimaliza zote hizo na kuzidi! Wiki 8 za namna hiyo, huku wakirudishwa kwenye mashine mara kwa mara. Siku 7 tu, na sukari yao ya asubuhi ilikuwa imerudi kawaida. Wiki moja! Na picha zikaonyesha mafuta ya ini yameshuka kwa asilimia 30 ndani ya wiki hiyo hiyo. Walipofika wiki ya 8 ini lililoanza na asilimia 12.8 lilikuwa limebaki na 2.9. Matokeo yakatoka mwaka 2011. Nikiitazama ile 12.8 naiona 14 yangu, ni majirani kabisa, tunaombana chumvi.

Kisha akaungana na Profesa Mike Lean wa Glasgow, wakachukua watu karibu 300 katika zahanati za kawaida za Scotland na kaskazini mwa Uingereza, wenye sukari ya miaka isiyozidi sita. Nusu wakapewa mlo mkali wa supu na vinywaji maalumu kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa kwenye chakula polepole. Mwaka ulipoisha, asilimia 46 yao walikuwa hawana sukari ya kiwango cha ugonjwa na hawanywi dawa hata moja ya kisukari. Katika waliopunguza kilo 15 na zaidi, asilimia 86! Wapo ambao sukari iliwarudia baadaye, hasa uzito uliporudi, siwezi kukudanganya. Lakini baadhi yao walipigwa picha kama yangu, na ini lao lilikuwa limetoka kwenye asilimia 16 hivi mpaka 3 hivi. Miaka isiyozidi sita, umesikia? Mimi niko wa tano. Ndiyo maana sijakaa.

Ila usikurupuke ukaacha vidonge kesho asubuhi, nakusihi kwa mapenzi yote. Hasa wewe wa insulini. Wale walipunguziwa dawa na madaktari waliokuwa wakiwaangalia, na ukijinyima chakula huku unajichoma dozi ile ile, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Mwone daktari wako kwanza, na nenda na maswali yako yameandikwa.

Na wewe mwembamba, usifunge masikio! Najua umekaa hapo unasema hayo ni ya wanene. Mwaka 2023 timu ile ile ya Newcastle ilitoa kazi yao juu ya watu 20 wenye sukari wasio wanene, wengine wembamba kabisa. Mafuta ya ini yao yalikuwa asilimia 4.1 tu, namba ambayo kwenye karatasi ungesema safi, nenda nyumbani. Walipopunguza uzito kidogo yakashuka mpaka 1.4, na 14 kati ya wale 20 sukari ikawaachia. Yaani kila mtu ana ghala la ukubwa wake, na la mwingine hujaa mapema. Niliposikia hivyo nikamkumbuka marehemu shangazi yangu, mwembamba kama ufito, aliyekuwa anaambiwa kila siku kwamba sukari haimfai mtu kama yeye. Ningetamani angeziona picha hizi.

Utaniuliza, si altrasaundi ipo na ni nafuu? Ipo, na nilishapimwa, na nilirudi na karatasi iliyoandikwa "ini lina mafuta kiasi." Kiasi gani? Kiasi! Altrasaundi inatazama ung'avu kwa jicho, na mafuta yakiwa machache mara nyingi inapitwa. Nikishuka kutoka 14 hadi 10 huenda isione chochote, nami nitakata tamaa bure wakati ini linapona. Kuna pia kunyofolewa kipande kwa sindano, ambacho bado madaktari wanakihitaji kwa mambo mengine, lakini kipande kile ni kama sehemu moja ya elfu hamsini ya ini zima. Umeona lile duara la nyongo lilivyotoa kumi na jirani yake kumi na tano? Sindano ingeangukia wapi? Picha hii imelitazama lote, kutoka kona hadi kona, na naweza kurudi baada ya miezi michache nikaliuliza swali lile lile na kujibiwa kwa kipimo kile kile.

Gharama, ndiyo, ni ghali, na sitakuficha kwamba nimeikusanya kwa mchezo wa akina mama wa mtaa. Wala si kila mashine ya MRI imewekewa programu ya kupima mafuta ya ini, kwa hiyo piga simu uulize hivyo hivyo kabla hujapanda gari. Na picha hii inapima mafuta, haipimi makovu. Ini lililoanza kukakamaa lina vipimo vyake, na daktari wangu alinianzishia na vile vya damu vilivyo rahisi zaidi. Kama huna uwezo wa picha, usiumie. Wale wa Newcastle walishatusaidia kuona, na kilichoshuka kwao hakikushushwa na sumaku, kilishushwa na sahani.

Lakini kuona! Waswahili tunasema fulani kanikata maini, na nilidhani najua maana yake. Mtu anayekukata maini anakugusa mahali ambapo hata wewe hujafika. Leo nimefika. Nimepaona pana rangi ya embe, na nimempa daktari neno langu kwamba baada ya miezi mitatu tutarudi pale, mimi na hilo embe.

Sasa hivi nimempigia kaka yangu mkubwa. Naye ana sukari, mwaka wa tatu huu, na anaogopa mahali pa kubana tangu utotoni alipojifungia kabatini. Hakuniuliza bei wala matokeo. Kimya kirefu, kisha, "Mdogo wangu, ile pumzi ni ya muda gani hasa?" Nikamwambia, kaka, njoo. Amefika na kandambili, tumeketi barazani, nimeshika saa ya ukutani mapajani. Vuta, kaka. Toa. Usipumue. Watoto wa jirani wamekusanyika wanahesabu naye kwa sauti. Mara ya kwanza alifika tisa akakohoa. Mara hii tuko kumi na sita, na bado!